Uzio wa uani: mbao za mwerezi au vinaili kwenye udongo mweusi wa Dallas?

Baba Imani

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kujenga uzio katika eneo la Dallas, hasa upande wa mashariki, ambako udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Uzio wetu wa uani uliangushwa na upepo wa dhoruba mwezi uliopita. Risiti aliyotuachia mwenye nyumba wa kwanza inaonyesha kwamba ulijengwa mwaka 2002. Nilipokwenda kuukagua, nilikuta mbao za wima zimegeuka rangi ya majivu lakini nyingi bado ni nzima. Kilichokatika ni nguzo, na karibu zote zimekatika mahali pamoja, pale zinapoingia ardhini, na ndani yake zimelainika kiasi kwamba nilichomoa vipande kwa kidole.

Tunahitaji futi 148 za uzio wenye urefu wa futi 6 kwenda juu. Fundi mmoja ametuandikia dola 5,600 kwa mbao za mwerezi juu ya nguzo za chuma, na kampuni nyingine imetuandikia dola 7,300 kwa vinaili nyeupe, yaani ile plastiki ngumu ya PVC, nguzo zake zikiwa za vinaili vilevile. Muuzaji wa vinaili anasema haitaoza, haitaliwa na mchwa na haitahitaji rangi maisha yetu yote. Mke wangu ameipenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu ni safi machoni. Mimi moyo wangu uko kwenye mbao, ila siwezi kueleza kwa nini zaidi ya kusema kwamba ndizo nilizozizoea, na hiyo si sababu ya kutosha kumpa mtu unayepanga naye matumizi ya nyumba. Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kinaruhusu vyote viwili.

Tuna watoto wawili wadogo, mbwa mmoja mkubwa, na jiko la kuchomea nyama ambalo hukaa karibu na uzio. Nguzo za zamani nimezikata vipande na kuzipanga pembeni, nikitarajia kuzitumia kama kuni. Je, ninyi mngechagua nini, na kwa sababu gani?

Mzee wa Timazi

Ndugu Baba Imani, kabla ya yote nakuomba usiziweke nguzo hizo motoni hata kipande kimoja. Mbao za msonobari zilizotiwa dawa na kuuzwa Marekani kwa ajili ya nyua za nyumbani kabla ya mwisho wa mwaka 2003 kwa kawaida zilitiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Tangu 2004 viwanda viliacha kuutumia katika mbao za makazi, lakini uzio wako ni wa 2002. Ukizichoma, sumu hupanda na moshi na kubaki katika majivu, na nyama yako iko juu yake. Vaa glavu, zifungashe, uulize mji wenu zinapelekwa wapi, na unawe mikono vizuri. Hata mbao za dawa za siku hizi, ambazo hazina aseniki, hazichomwi.

Sasa nije kwenye swali. Nimejenga nyua katika eneo hili kwa miaka 14, za mbao na za vinaili, na jambo ninalotaka ulione ni kwamba umelijibu swali lako mwenyewe ulipoandika kilichokatika. Mbao hazikukuangusha, nguzo ndizo zilizokuangusha. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini kabisa ya shimo kuna maji ila hewa ni chache, juu kuna hewa ila mti hukauka upesi, na pale kwenye usawa wa ardhi vyote viwili vipo mwaka mzima, ndiyo maana nguzo zako zote zimekatika kwenye mstari mmoja kama zilizokatwa kwa msumeno. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni wa nguzo na udongo, na nyenzo ya ukuta wa uzio inafuata nyuma yake.

Udongo wetu mweusi una madini yanayofyonza maji na kuvimba, kisha hunywea yakikauka. Mwezi wa Agosti utaona nyufa ambazo mkono wa mtoto unaingia mpaka kiwiko. Mwendo huo hushuka chini sana kuliko shimo la nguzo yoyote ya uzio, kwa hiyo hakuna fundi wa haki atakayekuahidi kuuzuia. Tunachoweza ni kujenga kitu kinachouvumilia. Mimi huchimba futi 3, shimo likiwa pana zaidi chini kuliko juu, kwa sababu zege likimwagika juu na kutanuka kama uyoga, udongo ukivimba hupata pa kushika na huing'oa nguzo taratibu kama jino. Sehemu ya juu ya zege hulainishwa kwa mteremko ili maji yakimbie nguzo badala ya kuizunguka.

Hapo ndipo tofauti ya mbao na vinaili inapojitokeza. Katika uzio wa vinaili, mapao ya mlalo huingizwa katika matundu yaliyokatwa kwenye nguzo na kushikwa na vijino vidogo vya plastiki. Uzio huo unapendeza mno siku ya kwanza, lakini unataka nguzo zibaki mahali pake. Nguzo moja ikiinama kwa inchi moja na nusu, pao huchomoka upande mmoja, na mbao za katikati hulegea au kuanguka. Nimeitwa mara nyingi kurudishia mapao hayo baada ya kiangazi kirefu, na kila mara mwenye nyumba huniambia kwamba hakuna kitu kilichovunjika, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa ni ardhi tu iliyosogea. Uzio wa mbao wenye nguzo za bomba la chuma lililochovywa zinki, la kipenyo cha inchi 2⅜, hushikwa kwa vibano na skrubu. Nguzo ikiinama, uzio mzima hujipinda kidogo pamoja nayo, nawe unaweza kulegeza kibano, kusimamisha kwa pimamaji na kukaza tena kwa asubuhi moja.

Joto nalo lina neno. Pao la vinaili la futi 8 hurefuka na kufupika kwa takriban milimita 5 au 6 kati ya asubuhi ya baridi na mchana wa kiangazi, na fundi asipoliachia nafasi ndani ya nguzo litabinuka. Kuhusu jiko lako la nyama, PVC huanza kulainika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, na jiko lililoegemezwa karibu huivusha hapo kwa urahisi. Mbao nazo zinashika moto, kwa hiyo jiko lisogezwe kwa vyovyote vile.

Tahadhari moja kwa wenzangu wanaotoka nyanda za juu za Kenya: neno mwerezi lisitudanganye. Mutarakwa wa nyumbani, ambao nguzo zake zilisimama mashambani miaka na miaka bila dawa, ni wa jamii ya *Juniperus*. Mwerezi unaouzwa hapa madukani kama mbao za uzio kwa kawaida ni wa kaskazini magharibi, *Thuja plicata*, mti mwepesi na laini zaidi. Moyo wake mwekundu unastahimili kuoza vizuri, lakini ile sehemu nyeupe ya nje haistahimili. Ndugu wa kweli wa mutarakwa ndio ule mti mfupi uliojaa katika vilima vya katikati ya Texas, na wafugaji wa huko huukata nguzo za mashamba mpaka leo. Kwa hiyo usikubali fundi akuwekee nguzo za *Thuja* kwenye udongo huu kwa kukwambia tu kwamba ni mwerezi.

Kwa futi 148 hizo, mimi ningechukua mbao juu ya nguzo za chuma.

Mama Furaha

Mzee wa Timazi ameeleza vizuri, nami sina ubishi naye kuhusu udongo, ila naomba vinaili isihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Nina uzio wa vinaili hapa Arlington kwa mwaka wa 9 sasa. Upande wetu udongo ni wa kichanga, kwa kuwa tuko kwenye ule ukanda wa mchanga unaopita mashariki ya kaunti ya Tarrant, na nguzo hazijasogea hata kidogo. Ninachofanya ni kuuosha kwa maji ya sabuni na brashi laini mara mbili kwa mwaka, hasa upande wa kaskazini ambako ukungu wa kijani hujikusanya. Jirani yangu mwenye uzio wa mbao ameupaka mafuta mara tatu katika muda huohuo, na kila mara ni gharama na ni mwisho wa juma mzima umekwenda. Mimi ni mjane, nalea watoto peke yangu na ninafanya kazi zamu za usiku. Kwangu mimi uzio usionidai muda wangu ulistahili ile tofauti ya bei, na dada huyu, mke wa Baba Imani, akisema anataka kitu asichokihudumia, tafadhali msimchukulie kama mtu anayeangalia weupe tu.

Ila kuna mambo mawili ambayo muuzaji wangu hakuniambia. La kwanza ni madirisha. Vioo vya kisasa vina utando mwembamba wa metali unaorudisha joto nje, na kioo kikijipinda kidogo hukusanya jua mahali pamoja kama kioo cha kukuzia. Jirani wa nyuma alibadilisha madirisha yake, na kiangazi kilichofuata sehemu ya uzio wangu yenye upana wa mlango ilivimba na kujikunja kama karatasi iliyomwagiwa maji. Nilikwenda saa kumi jioni nikauona mwanga wenyewe umesimama pale, mstari mweupe kuliko jua lenyewe, nikaweka kiganja nikakiondoa haraka. Kampuni iliyonijengea ilinionyesha sentensi moja katika karatasi ya dhamana, kwamba joto la kuakisiwa haliko ndani ya dhamana. Niliisoma dhamana hiyo siku hiyo kwa mara ya kwanza.

La pili ni vipuri. Mtoto alipogonga uzio kwa mpira mgumu siku zile za baridi kali ya Februari 2021, ubao mmoja ulipasuka kama sahani, maana plastiki hii ikipoa sana huwa kavu na nyepesi kuvunjika. Nilipotafuta ubao wa kufanana nao, kiwanda kilikuwa kimebadilisha vipimo vya vijino, ikabidi ninunue sehemu nzima, na weupe wake haulingani na wa zamani mpaka leo. Ubao wa mwerezi ukivunjika unanunua mmoja dukani unaupigilia jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo Baba Imani, nenda uani saa kumi na saa kumi na moja jioni, uangalie madirisha yote yanayotazama uzio, yakiwemo yenu wenyewe, kabla ya kutia saini.

Baba Imani

Nawashukuru sana. Zile kuni nimezifunga kwenye mifuko, na mji wamenielekeza siku ya kuzipeleka. Jana jioni tulikaa uani na mke wangu kama Mama Furaha alivyoshauri. Dirisha la jiko letu linaloelekea magharibi lilitupa mwanga mkali kwenye ua wa upande wa jirani, katika sehemu ya kama futi 4, kwa zaidi ya nusu saa. Mke wangu ndiye aliyeweka mkono kwenye ubao wa zamani uliosalia pale na kuniambia nami niuguse. Tumekubaliana kuchukua mbao juu ya nguzo za chuma, kwa sharti kwamba kuupaka mafuta ni kazi yangu mimi, nami nimelikubali sharti hilo. Jirani amekubali kuchangia nusu ya upande wake. Swali langu la mwisho ni hili: tupake lini, na nimwangalie fundi katika jambo gani?

Mzee wa Timazi

Hongereni. Usipake wiki ya kwanza. Mbao nyingi hufika zikiwa bado na maji, na mafuta hayataingia. Nyunyizia matone machache ya maji juu ya ubao. Yakikaa kama umande, subiri, yakinywewa mara moja, paka. Kwa kuwa mbao hizo zitanywea na kuacha mianya, na una mbwa, mwombe fundi apange ubao juu ya ubao, kila mmoja ukiufunika mwenzake kwa inchi moja hivi. Bei itapanda kidogo kwa ajili ya mbao za ziada.

Mwangalie katika misumari. Iwe ya chuma kisichoshika kutu au iliyochovywa zinki, kwa sababu utomvu wa mwerezi ukikutana na chuma kitupu hutoa michirizi myeusi inayoshuka ubao mzima baada ya mvua ya kwanza, na haitoki. Mbao za wima zisiguse ardhi. Acha inchi 2, na kwa ajili ya mbwa weka ubao mmoja wa mlalo uliotiwa dawa chini kabisa, ambao ukioza utabadilishwa peke yake.

Na kabla kekee haijagusa ardhi, pigeni simu 811 angalau siku 2 za kazi kabla, waje kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya. Huduma hiyo ni ya bure. Fundi akikwambia haina haja kwa sababu mashimo ya zamani yapo, bado pigeni, kwa kuwa mashimo mapya hayataangukia mahali palepale, na zege la zamani ni vyema libaki ardhini, nguzo mpya zikae katikati ya zile za kale.