Naomba ushauri: Marekani kama mpatanishi kati ya Waisraeli na Wapalestina

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Nimepangiwa kuongoza mdahalo wa kidato cha sita kuhusu nafasi ya Marekani katika kutafuta amani kati ya Waisraeli na Wapalestina, na nimekwama.

Nimezisoma barua walizobadilishana Rabin, waziri mkuu wa Israeli, na Arafat, kiongozi wa PLO (chama cha ukombozi wa Palestina), Septemba 1993, siku chache kabla ya wawili hao kupeana mikono mbele ya Rais Clinton katika Ikulu ya Marekani. Arafat anaitambua haki ya Israeli kuwapo kwa amani na usalama. Rabin, kwa sentensi moja tu, anaitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina, bila kutaja dola yao. Masuala mazito, yaani Jerusalem, wakimbizi, mipaka na makazi ya walowezi, yaliahirishwa, na yalipofikishwa Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani, mwaka 2000 mazungumzo yakavunjika. Mimi naona vigumu kumwita refa anayeipa silaha timu mojawapo. Hata hivyo, mwalimu mwenzangu ananikumbusha, na hoja yake ina uzito, kwamba Marekani hiyohiyo ilisimamia mkataba wa Misri na Israeli wa 1979, ambao haujavunjika.

Je, tofauti hiyo ilitokana na upatanishi wenyewe, au na kwamba Misri ilikuwa tayari dola yenye jeshi na mipaka inayotambulika? Na iwapo muda unaruhusu kuwasomea wanafunzi waraka mmoja tu, nichague barua hizo au mapendekezo ya Clinton ya Desemba 2000 kuhusu masuala hayo mazito?