Oveni ya umeme inayojisafisha yenyewe: nifanye nini kabla sijabonyeza Self Clean?

mama_wawili

Habari za humu wakuu. Nyumba tuliyopanga hapa Columbus, Ohio, ina jiko la umeme la upana wa inchi 30, kioo juu na oveni chini, na kwenye paneli kuna kitufe cha Self Clean. Ndani mafuta yameganda kama lami, hasa sakafuni na kwenye kioo cha mlango. Kitabu cha maelekezo hakipo.

Naomba kujua: nyavu zinabaki ndani au zinatoka? Nipulize dawa ya oveni kwanza ili kurahisisha kazi? Mlango ukijifunga unafunguka baada ya muda gani? Kuna watoto wawili wadogo, na kasuku wa kufuga sebuleni. Halafu jambo jingine: ukishusha mlango na kuvuta trei yenye nyama nzito, jiko linainuka kidogo kwa nyuma. Ni kawaida?

fundi_koili

Dada, nianze na la mwisho kwa sababu hilo haliwezi kusubiri usafi. Jiko kuinuka nyuma si kawaida hata kidogo. Majiko ya Marekani huja na kibano cha chuma cha kuzuia lisipinduke. Kinafungwa kwa skrubu sakafuni au ukutani, na mguu mmoja wa nyuma wa jiko unaingia ndani yake. Mlango ulioshushwa ni kama mtaimbo: mtoto akiukanyaga ili achungulie sufuria, jiko laweza kumwangukia pamoja na chochote kinachochemka juu. Chomoa droo ya chini, mulika kona za nyuma kwa tochi. Mara nyingi kibano kipo, ila mtu alivuta jiko afagie, akalirudisha bila kuuingiza mguu. Ukishalisukuma mahali pake, shika ukingo wa juu nyuma ulivute mbele taratibu, linatakiwa kugoma. Kama kibano hakipo, mwandikie mwenye nyumba akifunge, na mpaka hapo oveni isitumike watoto wakiwa karibu.

Sasa Self Clean. Ni kuchoma tu, hakuna maji wala dawa. Oveni ya kawaida unaoka kwa nyuzi 350 au 400 za Farenihaiti. Hii inapanda mpaka karibu 900, yaani 480 hivi za Selsiasi, na inakaa huko mpaka mafuta na sukari vigeuke jivu. Ukishika namba hiyo kichwani, masharti mengine yote yanajieleza.

Nyavu zinatoka. Kromu ikipikwa kwa joto hilo inageuka rangi, inafifia, na wavu unakwama kwenye reli zake. Kuna nyavu zilizopakwa enameli ile ile ya kuta za oveni ambazo zinaruhusiwa kubaki, lakini usikisie. Namba ya modeli iko kwenye kibandiko cha fremu, unakiona ukifungua droo au mlango, na kitabu unakipata bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Toa pia trei zote, kipimajoto, na karatasi ya foili. Foili sakafuni ndiyo mbaya zaidi, inashikana na enameli na haibanduki tena. Droo ya chini imwage kabisa: vifuniko vya plastiki na mifuko ya nailoni vinayeyuka humo.

Dawa ya kupuliza, hapana. Nyingi zina magadi makali ya kuchubua mafuta, na mabaki yake yakipata nyuzi 900 yanaila enameli na kuacha madoa meupe ya kudumu. Badala yake, lile tabaka nene kama lami likwangue kwa mwiko wa plastiki au wa mbao, kisha pangusa kwa kitambaa na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo. Usitafute usafi hapo, unapunguza kuni tu. Mafuta yakiwa kijiko kizima sakafuni yanawaka moto wa kweli humo ndani.

Kuzunguka mlango kuna kamba ya kuziba joto, imefumwa kwa nyuzi za kioo. Hiyo usiisugue, usiilowanishe, usiivute. Ukiona imeachwa mwanya upande wa chini usidhani imekatika, majiko mengi yametengenezwa hivyo ili hewa ipite. Kilichoko nje ya kamba hiyo, yaani fremu na kingo za mlango, joto la kusafisha halikifikii vizuri. Hapo ni mkono wako na dodoki laini. Ukipaacha na mafuta, yanakaangika na kuganda zaidi.

Kasuku atoke kabla hujabonyeza chochote. Asihamishiwe chumba cha pili, aende nyumba nyingine mpaka kesho yake. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi huu, na kama kuna kipande chenye Teflon kimesahaulika ndani, mvuke wake unaua ndege kwa dakika chache. Binadamu nao wasikae jikoni: fungua madirisha, washa feni ya juu ya jiko kwa kasi ya mwisho. Mafuta yanapoungua hutoa pia kaboni monoksidi kiasi kidogo, kwa hiyo kengele za moshi na za gesi hiyo zisitolewe betri eti zinapiga kelele.

Anza saa tatu asubuhi, si usiku. Uchafu mdogo unachukua muda wa saa mbili, wa kawaida tatu, mzito nne au zaidi, halafu ongeza saa nzima ya kupoa. Kufuli ni la mota, linajifunga lenyewe mwanzoni na halifunguki hadi joto lishuke. Kipindi chote hicho kioo cha mlango na paneli vinachoma, watoto wasisogee. Taa ya oveni izime, na usipike kwenye kioo cha juu kwa wakati huo. Tundu la kutolea joto, kwa kawaida liko nyuma chini ya paneli, usiliwekee sufuria wala kitambaa.

Ukiona miali ndani, bonyeza Clear/Off, zima breka (swichi ya jiko kwenye sanduku la umeme la nyumba), mlango uache ulivyo. Bila hewa mpya moto unakufa. Usipokufa, toka na watoto, piga 911.

Ukishapoa, futa jivu kwa kitambaa kibichi. Doa jeupe linatoka kwa siki. Reli zipake mafuta ya kupikia kidogo kwa karatasi, la sivyo nyavu zitakwaruza kama misumari.

mpishi_wa_shughuli

Maelezo mazuri, ila mimi namshauri dada asikibonyeze kabisa. Oveni nyingi zinakufa siku ya Self Clean, na watu wanapenda kuifanya siku mbili kabla ya Idi au Krismasi, wageni wanafika jiko halina moto.

Chukua baking soda nusu kikombe, changanya na maji vijiko vitatu vya mezani mpaka iwe uji mzito. Zima breka kwanza. Paka kuta, sakafu na kioo cha ndani, koili (vyuma vinavyotoa joto) usiziguse, wala sensa ile ndogo kama penseli inayochomoza ukuta wa nyuma. Acha usiku kucha, kwa muda wa saa 12. Asubuhi futa, nyunyiza siki kwenye mabaki meupe itoe povu, futa tena mara mbili tatu kwa maji safi. Kioo cha mlango kinahitaji mizunguko miwili. Usimwage maji kwenye matundu ya juu ya mlango, yanashuka katikati ya vioo viwili na michirizi yake huitoi bila kuufungua mlango wote.

Nyavu: bafu la maji ya moto, taulo kuukuu chini lisije bafu likakwaruzika, sabuni ya unga ya mashine ya vyombo nusu kikombe. Zilale humo usiku.

fundi_koili

Mpishi, kwenye Idi na Krismasi tuko pamoja; wiki ya shughuli usiiguse. Lakini tueleze kinachokufa na kwa nini. Nyuma ya oveni kuna fyuzi ya joto au swichi ya usalama, kazi yake ni kukata umeme chumba cha nyaya kikipata joto kupita kiasi. Ikikata, ama paneli yote inazimika, ama saa inaonekana lakini oveni haipati moto. Hapo fyuzi imefanya kazi yake, uliza joto lilitoka wapi: feni ya kupozea imekufa, tundu limezibwa, kamba ya mlango imetoboka, au mafuta yaliachwa mengi mno. Kubadilisha fyuzi bila kutafuta hilo ni kuipeleka nyingine ikaungue. Kuiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja ni kuchoma nyumba.

Kwa oveni iliyokaa miaka bila kusafishwa kama ya dada, mimi ningefanya njia ya Mpishi kwanza, kisha Self Clean fupi ya saa mbili kumalizia. Baada ya hapo mara mbili tatu kwa mwaka zinatosha. Na kama kitufe kimeandikwa Steam Clean, hicho ni kitu kingine: unamwaga kikombe kimoja au viwili vya maji sakafuni kadiri kitabu kinavyosema, joto ni dogo, na kinalainisha uchafu wa jana tu. Lami haitikisiki.

mama_wawili

Asanteni sana. Kibano kilikuwepo, mguu ndio haukuwa ndani. Nimefuata: soda usiku, Self Clean saa mbili leo. Imeng'aa, lakini imepita saa tatu tangu iishe, oveni ni baridi na mlango umegoma. Kialama cha kufuli kinawakawaka.

fundi_koili

Usiingize kisu wala bisibisi, utapinda ndoano. Zima breka ya jiko, ni ile pacha ya ampea 40 au 50, subiri dakika tano, washa. Sikiliza: unatakiwa kusikia mota ikinguruma sekunde chache, maana bodi (ubongo wa kielektroniki wa jiko) ikipata umeme hutafuta kufuli liko wapi. Kimya? Sukuma mlango kwa goti kana kwamba unaubana zaidi, huku unabonyeza Clear/Off. Mara nyingi ndoano imebanwa na mlango tu. Ikishindikana, anzisha Self Clean upya na uikate baada ya nusu dakika. Mota inakwenda hadi mwisho na kurudi.

Hayo yote yakigoma, ni mota ya kufuli au kiswichi kidogo kinachoieleza bodi kuwa mlango umefunguka. Hapo jiko linavutwa, bati la nyuma linafunguliwa breka ikiwa imezimwa. Wewe ni mpangaji, mwachie mwenye nyumba alete fundi. Mwambie huyo fundi apime na sensa: ikiwa baridi inatakiwa isome ohm 1,080 hadi 1,100. Ikisoma zaidi sana, bodi inadhani oveni bado ina joto na haitafungua mlango hata wiki nzima.

mama_wawili

Goti limefanya kazi!

wa_kisauni

Samahani kwa kudandia uzi. Nina jiko kama hilo, nataka kulitia kwenye kontena kwenda Mombasa. Nyuma limeandikwa volti 240, na stima ya nyumbani ni 240. Si nachomeka tu?

stima_na_nyaya

La, ndugu yangu. 240 ya Marekani ni nyaya mbili za moto, kila moja 120 ukiipima na nyutro (waya wa kurudishia umeme). Koili zinakula kati ya moto na moto, ndiyo 240. Lakini saa, bodi, taa, feni na mota ya kufuli vinakula kati ya moto mmoja na nyutro, yaani 120. Mombasa unapewa moto mmoja wa 240 na nyutro. Fundi akiunganisha nyutro ya nyumba na nyutro ya jiko, vile vya 120 vinapata 240, na bodi inaungua papo hapo. Inahitajika transfoma ya kuitengeneza 120 hiyo, na ifungwe na mtu anayeelewa alichosoma hapa, si wa kubahatisha.

Ukishavuka hapo kuna mizunguko ya umeme (hertz). Marekani ni 60 kwa sekunde, Kenya 50. Bodi zinazohesabu muda kwa mizunguko ya umeme zitachelewa dakika kumi kila saa. Keki ya dakika 50 inatoka imekaa 60. Self Clean ya saa tatu inakuwa saa tatu na dakika 36, na hizo 36 ni za joto la 480.

Liuze huko huko. Ukifika nunua oveni ya volti 230 na mizunguko 50. Ukitaka ya kujisafisha, muulize muuzaji kama inachoma hadi nyuzi 500 hivi za Selsiasi na kufunga mlango, maana nyingine zinazouzwa kwa jina hilo zina mabati ya ndani yenye ngozi ya msasa tu, yanayokula mafuta taratibu. Hizo hazifungi mlango. Unaiwasha tupu kwa 220 hadi 250 kama saa nzima, na yale mabati huyasugui wala huyapulizii dawa, maana vitundu vyake vikiziba hayafanyi kazi tena, unanunua mengine. Sakafu na mlango wa oveni hiyo, baking soda ya Mpishi hapo juu.