Hongo tuache kuiita "chai"?

Ndugu zangu, naleta hoja: waandishi wa habari, watangazaji na sisi wenyewe majumbani tuache kuiita hongo "chai". Najua wengi hamtakubaliana nami.

Chai naipenda na maana zake nyingi. Ukiulizwa asubuhi "umekunywa chai?", unaulizwa kama umekula, hata kama ulichokunywa ni uji. Kazini, muda wa chai ni mapumziko ya saa nne. Kuna sturungi, kuna ya maziwa iliyokolea tangawizi na iliki, kuna chai kavu ya mwisho wa mwezi, isiyo na hata andazi. Vijana wa Tanzania nao wameongeza yao: hadithi ya kutunga wanaiita chai. Hiyo inachekesha, haimuumizi mtu.

Ugomvi wangu ni na chai ya dirishani. Mama mtu mzima amefuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Karani kaweka kiganja juu ya faili, anatabasamu: "Sasa mama, na sisi tutakunywa chai gani?" Kwa maneno, hapo hajadaiwa hongo, ameombwa ukarimu. Na kwetu anayenyima chai ni bahili. Basi mwenye haki yake ndiye anayeona haya, anafungua pindo la kanga, anatoa. Karani huyo angelazimika kutamka "mama, nipe hongo", angethubutu?

Wapo wanaosema neno halina kosa, tatizo ni mishahara. Ukiliondoa hili litazuka jingine, kama zilivyozuka "soda" na "kitu kidogo". Litazuka, sikatai. Mchezo wenyewe ni wa zamani, ndiyo maana tuna methali ya penye udhia penyeza rupia. Ila angalau methali hiyo ilitaja rupia waziwazi.

Iliyonisumbua zaidi ni hoja ya kwamba mnyonge naye anahitaji neno laini, aweze kulalamika mbele za watu bila kumwita mtu mla rushwa huku hana ushahidi. Hiyo naipokea. Mwananchi aliyekamuliwa aseme atakavyo. Lakini mtangazaji ana kisingizio gani? Kesi iko mahakamani, mashtaka yamesomwa, naye anasema afisa "alipokea chai", kana kwamba alikaribishwa sebuleni. Sheria ya rushwa ya Tanzania ya 2007 na ile ya Kenya ya 2016 haziangalii umeiitaje, zinaangalia manufaa uliyodai au kupokea. Hongo, rushwa, mlungula: maneno tunayo, na yanauma inavyopaswa.

Sidai amri ya serikali wala faini kwa atakayekosea. Nataka tu vyombo vya habari vianze, na watoto wasikue wakidhani ni kitu cha adabu.

Ningependa hasa kuwasikia mliowahi kukaa upande wa ndani wa dirisha. Mngelazimika kuitaja kwa jina lake, mngeomba?