Utafiti wa magari ya haidrojeni: serikali iendelee, iache, au ihamishe fedha?

Mwalimu_wa_Fizikia
Wakuu, habari za jioni. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wana mdahalo wiki ijayo, na sitaki wabishane hewani, kwa hiyo nimewachagulia uamuzi uliotokea kweli Marekani. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alitangaza mbele ya Bunge mpango wa dola bilioni 1.2 wa kutafiti gari linalotumia haidrojeni. Mei 2009, chini ya Obama, Waziri wa Nishati Steven Chu, mwanafizikia mwenye Nobel ya 1997, akapendekeza fungu la utafiti huo lipunguzwe kwa zaidi ya dola milioni 100. Alisema gari hilo linahitaji miujiza minne: njia safi ya kupata haidrojeni, namna nzuri ya kuihifadhi, seli za mafuta (vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme ndani ya gari) bora kuliko zilizopo, na mtandao wa kuisambaza. Bunge halikukubali, likazirudisha fedha.

Mngekuwa ninyi mnaoshika bajeti hiyo, mngeendelea, mngeacha zote ziende kwenye betri, au mngebaki na maabara na kuachana na gari lenyewe? Naomba hoja zenye namba.

Fundi_Umeme_Moro
Mwalimu, heshima yako. Mimi niko na Chu bila kusita, na hesabu yangu hata kidato cha nne anaifuata.

Chukua uniti 55 za umeme. Ukizipeleka kwenye mtambo wa kupasua maji unapata kama kilo moja ya haidrojeni. Bado hujaisukuma hadi shinikizo la baa 700 ili ienee kwenye tangi la gari, kazi inayokula uniti nyingine kadhaa. Kilo hiyo inaipeleka Toyota Mirai, gari dogo la haidrojeni, kilomita 110 hivi. Sasa chukua uniti zilezile 55, zijaze kwenye betri ya gari la umeme la kawaida: unakwenda kilomita 300. Kasoro hiyo haimalizwi na mhandisi hodari, maana sehemu kubwa inatokana na kugeuza umeme kuwa gesi, halafu gesi kuwa umeme tena. Kila mgeuzo unaacha joto njiani.

Na hapo nimekuwa mkarimu, nimechukulia haidrojeni ya maji. Marekani karibu asilimia 95 ya haidrojeni inatengenezwa kwa gesi asilia na mvuke, na kila kilo inatoa kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Moshi haupo kwenye ekzosi, uko kiwandani.

Halafu angalieni fedha za betri zilivyofanya kazi. Agosti 2009 serikali ileile iligawa dola bilioni 2.4 kwa viwanda vya betri na vifaa vya magari ya umeme. Tesla ikapata mkopo wa serikali wa dola milioni 465 na kumaliza kuulipa Mei 2013. Betri iliyokuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa mwaka 2010 ilikuwa karibu dola 115 mwaka 2024. Shilingi ya umma iende inakoonekana.

Mkemia_Mombasa
Kaka Fundi, namba zako sizipingi hata moja. Ninachopinga ni kuzitumia kufungia maabara.

Wizara yenyewe ya Nishati ya Marekani ilikuwa inapiga hesabu ya bei ya seli za mafuta kila mwaka, ikichukulia kiwanda kinachotoa seti 500,000 kwa mwaka. Mwaka 2002 ilikuwa dola 275 kwa kilowati. Mwaka 2009, mwaka uleule wa pendekezo la Chu, ilikuwa imefika dola 61. Yaani mmoja wa ile miujiza minne ulikuwa unatimia mbele ya macho ya wizara, kwa kupunguza platinamu na kuboresha utando ulio ndani ya seli unaopitisha protoni. Utafiti unaoshusha bei kiasi hicho ndani ya miaka saba haustahili kukatwa kwa sababu vituo vya kujazia havijajengwa. Hayo ni mambo mawili: moja ni la wanasayansi, jingine la soko.

Jambo lingine ambalo wenye bajeti hulisahau ni watu. Maabara si bomba ambalo unalifunga jioni na kulifungua asubuhi. Mwanafunzi wa uzamivu aliyetumia miaka mitano kwenye utando wa seli akikosa fedha anahamia kwingine, na ujuzi wake unaondoka naye. Ndiyo maana nafurahi Bunge lilikataa, ingawa sidhani wabunge wote walikuwa wanafikiria utando.

Mtanga_Sacramento
Mimi ni dereva wa lori, niko California, karibu jimbo pekee la Marekani ambako mtu wa kawaida anaweza kununua gari la haidrojeni na kutegemea kupata pa kujazia. Kutegemea, lakini! Februari 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo hapa. Bei kwenye baadhi ya vituo ilifika dola 36 kwa kilo, na tangi la Mirai ni kilo 5.6. Pigeni wenyewe: dola 200 kujaza gari dogo mara moja. Jirani yangu analo la namna hiyo. Kabla ya safari anaangalia simu kwanza kama kituo kinafanya kazi, maana pampu zikiharibika ni siku nyingi.

Kwa hiyo magari madogo naungana na Fundi. Ila kwenye malori naomba msikilize. Kwenye lori refu, kila tani ya betri ni tani ya mzigo niliyoiacha, na nikisimama masaa kuchaji nakosa mshahara. Haidrojeni inajazwa kwa dakika. Pale utafiti una maana.

Fundi_Umeme_Moro
Kaka wa Tanga, nakuelewa, lakini hata huko soko limeshasema. Nikola, kampuni ya Marekani iliyotaka kuuza malori ya haidrojeni, iliomba kinga ya ufilisi Februari 2025. Na mabasi? Mwanzoni mwa 2022 jiji la Montpellier, Ufaransa, lilifuta mpango wa mabasi 51 ya haidrojeni baada ya kukuta kila kilomita ingegharimu senti 95 za yuro, wakati basi la betri ni senti 15. Mara sita! Fedha za walipa kodi wa jiji haziwezi kubeba hiyo.

Pretoria_Mhandisi
Naomba kuingiza Afrika Kusini, maana mnajadili kama vile kila serikali ina sababu moja.

Huku mwaka 2008 wizara ya sayansi ilizindua mpango wa utafiti wa haidrojeni unaoitwa HySA, ukagawiwa kwenye vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Sababu kubwa ilikuwa platinamu. Nchi hii ina akiba kubwa kuliko yoyote duniani, na seli za mafuta zinaihitaji. Magari ya petroli na dizeli yanatumia madini ya kundi hilo kwenye vichujio vya moshi, sasa betri ikishinda kila mahali, mgodi wa platinamu wa Rustenburg utamuuzia nani? Serikali inayotafiti haidrojeni hapa inatafuta mnunuzi wa madini yake ya kesho na kazi za wachimbaji. Hesabu ya Fundi ya uniti 55 haina safu ya hilo.

Mei 2022 kwenye mgodi wa Mogalakwena, Anglo American ilionyesha lori la mgodini la kubeba tani 290, likiendeshwa na seli za mafuta pamoja na betri, zenye nguvu ya megawati 2. Lori hilo halitoki mgodini, kwa hiyo kituo kimoja kinatosha. Ule muujiza wa mtandao wa vituo hauhitajiki.

Mkemia_Mombasa
Asante Mhandisi, umegusa penyewe. Nami niongeze la kwetu. Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni safi, na kilichowekwa mbele ni mbolea, magari si kipaumbele. Haidrojeni ukiiunganisha na naitrojeni ya hewani unapata amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea ya shambani. Huko betri haiwezi kushindana, kwa sababu mmea haujali uniti, unataka naitrojeni.

Sasa Fundi, tazama hili kwa makini. Mtambo mmojawapo wa kupasua maji unatumia utando wa aina ileile ya seli ya mafuta ya gari, na platinamu upande mmoja. Kazi yake ni seli hiyo ikigeuzwa: huku unaingiza gesi unapata umeme na maji, kule unaingiza umeme na maji unapata gesi. Aliyelipwa kutafiti kwa ajili ya gari alikuwa, akijua au asijue, anamtengenezea mkulima mbolea. Ungekata fungu la gari mwaka 2009, ungekata na hilo.

Fundi_Umeme_Moro
Hapo umenibana kidogo. Basi fungu lihamie viwandani na liitwe hivyo, wasije tena watu wa magari wakaombea vituo kwa jina la mbolea. Kwa gari la abiria msimamo wangu haujasogea.

Mtanga_Sacramento
Na malori? Msiyafute kwa sababu kampuni moja imeanguka.

Mwalimu_wa_Fizikia
Malori yabaki kwenye mjadala, kaka. Nimebadilisha hoja, itasomeka hivi: «Serikali igharamie utafiti wa seli za mafuta na wa kupasua maji, lakini isitoe ruzuku kwa vituo vya magari madogo.» Mkemia, upande wa kuunga mkono wameomba ile hesabu ya dola 275 hadi 61. Fundi, upande wa kupinga hauna mtu wa kuwafundisha hesabu ya uniti. Jumamosi saa nne asubuhi uko Morogoro?