Kubebesha mikorosho ukiwa na miaka 63, inawezekana?

Mstaafu_Masasi: Habari za leo wana jukwaa. Nina miaka 63, nataka kujifunza kubebesha miche ya korosho, yaani kuunganisha kijiti cha mti bora juu ya mche mchanga. Mikono haitetemeki, ila vitu vya karibu sivioni vizuri. Nianzie wapi?

Miche_Newala: Shikamoo mzee. Anza na miwani ya kusomea, maana kazi yote iko kwenye ganda. Mche wa chini uwe na wiki 6 hadi 8, kikonyo (hicho kijiti cha mti bora) kiwe na unene uleule, kama penseli. Kipukutishe majani kikiwa bado mtini, siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata. Kata kichwa cha mche, pasua katikati sentimita 4, kichonge kikonyo kama kabari, ukichomeke. Unene ukipishana, ganda likutane walau upande mmoja. Funga kwa utepe wa nailoni, kisha kivalishe kifuko.

Kisu_Kikali: Utepe ukilegea maji huingia, kikonyo kinageuka cheusi. Kisu butu nacho huchana. Zoea kwanza kwa vijiti vya mwembe, havina gharama. Miche ikae kivulini. Ikichipua, wiki ya 3 hivi, vua kifuko jioni. Vikonyo vya mbegu bora ulizia TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara.

Mstaafu_Masasi: Marahaba. Nanunua wembe na nailoni kesho.

Kisu_Kikali: Wembe unapinda mzee, nunua kisu.