Mjadala: Je, kifungu cha 27 cha sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandaoni kinamlinda anayeandamwa mtandaoni, au kinamkinga asiyetaka kukosolewa?

Ikiwa Kenya ina sheria inayotoza faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa kosa la kumnyanyasa mtu mtandaoni, mbona anayeandamwa usiku na mchana bado huambiwa azime simu na anyamaze, ilhali anayemkejeli mheshimiwa huhofia kubishiwa hodi alfajiri? Hilo ndilo swali ninalotaka tulijadili, nami natangulia kusema msimamo wangu: adhabu ni nzito ya kutosha, ila kosa lenyewe limefafanuliwa vibaya.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 kinamtia hatiani anayewasiliana na mwenzake kwa njia inayoweza kumtia hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali, au inayomwathiri vibaya, au iliyo chafu au ya kuudhi kupita kiasi. Hofu ya kudhuriwa inaeleweka. Lakini ni maneno gani makali yasiyomwathiri vibaya anayelengwa? Afisa aliyeanikwa kwa kufuja fedha za umma huathirika vibaya sana, na pengine ndivyo ipasavyo. Tumewahi kuipita njia hii: mwaka 2016 Mahakama Kuu, kupitia Jaji Mumbi Ngugi, ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno hata mwananchi asiweze kujua lini amevunja sheria. Mnamo Oktoba 2025 kifungu cha 27 kilipanuliwa ili kigusie mawasiliano yanayoweza kumsukuma mtu kujiua, na kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya sehemu zake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kifungu hakidai tendo lirudiwe, ingawa kumwandama mtu, kwa maana yake tu, ni kurudia: ujumbe wa kumi baada ya kuombwa uache, akaunti mpya kila ya zamani inapozuiwa, simu kwa mama yake, kisha kwa mwajiri wake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 dhidi ya unyanyasaji inataka mwenendo, yaani angalau matukio mawili, na sharti hilo dogo linatenganisha hasira ya siku moja na uwindaji wa miezi. Tena tazameni mizani yetu: anayesambaza picha za faragha za mtu, chini ya kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo ya 2018, alikabidhiwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Maneno yenye kuudhi, miaka 10. Uchi wa mtu kuanikwa, miaka 2. Aliyeyapanga hayo alikuwa akimfikiria nani?

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kifungu kizima kifutwe, kwa kuwa ndani yake mna sehemu yenye manufaa ambayo haizungumzwi sana. Mlalamishi anaweza kuiomba mahakama imwamuru mnyanyasaji akome. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda, na inatakiwa kuamua ombi ndani ya siku 14. Mtu mwingine anaweza kuomba kwa niaba yake, hata nje ya saa za kazi. Na kampuni ya mawasiliano inaweza kuamriwa kumtambulisha anayejificha nyuma ya nambari. Wengi wa wanaoandamwa hawatafuti kumwona mtu akifungwa. Wanataka simu inyamaze.

Amri hiyo haipatikani bila ushahidi, na hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa maana jambo la kwanza wanalofanya ni kufuta ujumbe kwa kinyaa. Usifute. Nasa skrini ikionyesha tarehe na saa, hifadhi kiungo cha akaunti na si jina pekee, kwani jina hubadilishwa kwa dakika moja, kisha ndipo umzuie. Mwambie mara moja tu, kwa maandishi, kwamba hutaki mawasiliano. Baada ya hapo kila jibu lako ni kuni motoni. Ripoti kituo cha polisi na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha polisi cha kuandikisha matukio. Wakili wako atahitaji pia cheti kinachoambatana na ushahidi wa kielektroniki, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kagua vilevile ni vifaa gani vimeingia katika akaunti zako, na uzime kushiriki mahali ulipo, kwa sababu mwandamaji mara nyingi si mgeni: ni mtu aliyewahi kushika simu yako na kujua nywila yako.

Nyongeza baada ya kusoma majibu: mchangiaji mmoja anasema sharti la kurudia litamwacha huru anayetuma tishio moja tu la kuua. La hasha, kutishia kuua ni kosa tayari chini ya kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu, hata kwa maandishi ya mara moja. Mwingine ameuliza jambo gumu zaidi: watu mia tano wakimtumia binti mmoja tusi moja kila mmoja, nani amerudia? Mimi ningemshika aliyeanika nambari yake na kuwaita wengine, maana huyo ndiye mwenye mwenendo, na sheria tayari inamtaja atendaye pamoja na wengine. Wale mia tano ningewaachia amri ya kukoma, na kesi kwa atakayeikaidi. Anayeona hilo halitoshi atuandikie maneno ambayo yangewanasa hao bila kumnasa pia mwananchi aliyemwandikia mbunge wake kwa hasira.