Mjadala: Jiji la Dodoma liwalipie ada wakazi waliokwama katikati ya chuo?

Naanza mimi, na msimamo wangu ni ndiyo.

Vyuo tunavyo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianzishwa mwaka 2007, kuna St John's, Chuo cha Mipango, CBE cha biashara, VETA cha ufundi, na kile cha Hombolo kwa mambo ya serikali za mitaa. Lakini pita vijiwe vya bodaboda vya Chang'ombe au Nkuhungu uulize. Wapo waliosoma mwaka mmoja, miwili, wakaishia njiani, na si kwa sababu ya vichwa vizito. Mtihani ulifika ada haijakamilika, wakazuiwa, wakaahirisha mwaka, hawakurudi tena.

Wanaopinga husema wahitimu wenyewe wamejaa mtaani, ya nini kuwaongeza? Hoja ina uzito, hasa kwa shahada. Ila aliyekatishwa yuko pabaya zaidi. Nafasi ya uuguzi ikitangazwa, hana cheti cha kuambatisha. Kama alikopeshwa na HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, deni liko palepale. Na shamba la zabibu ambalo baba aliliuza ili asome, halirudi.

Mikopo ya HESLB ilianza kuwafikia wa stashahada mwaka 2023, tena kwa fani za kipaumbele. Wengine wote wa vyuo vya kati wanamtegemea mzazi, na mzazi wa Hombolo anategemea mtama na alizeti. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikikata Februari, ada ya muhula unaofuata imekwenda nayo.

Halmashauri tayari hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu. Fedha hizo ni za biashara, zisiguswe. Naomba fungu jingine, dogo, kwa mkazi aliyebakiza mwaka mmoja au pungufu, na fedha ziende chuoni moja kwa moja. Anayeanza mwaka wa kwanza asubiri. Huyu wa mwaka wa mwisho ndiye atakayeanza kusaidia nyumbani mapema.

Ninachokihofia ni upendeleo. Majina yakipita kwa viongozi peke yao, watoto wa wenye nafasi watatangulia. Orodha ibandikwe ofisi ya mtaa, kila mtu aione na aweze kupinga.

Ninyi wa Kizota, Ihumwa, Msalato: aliyekwama mtaani kwenu alikwamishwa na ada, chakula na pango, au ujauzito? Na fungu hili likatwe kwenye mapato gani?